Kisasi Hakipimwi na Mutu Mumoja

Wenzangu wa kazi, siku muliponiaga pale biro, muliniomba niseme maneno kidogo. Sikusema. Soda zilikuwa zinapata joto na shefu wetu wa biro alikuwa ameshaongea dakika arobaini, kwa hiyo nikawahurumia. Sasa niko nyumbani Majengo, magoti yanauma, wajukuu wameenda masomo, na nimenunua kaye moja ya kurasa mia. Nitaandika humu yale ambayo ningesema. Mambo ya vyeo na mushahara muyaache. Vyeo vilipita mbali nami, na mushahara ulipita haraka.

Kwa yule atakayeokota kaye hii bila kunijua: mimi ni Mama Agnès, nilikuwa monitere wa kilimo. Ng'ombe wakiingia kwenye shamba la mutu, chefu wa kijiji anatuita. Tunaenda, tunaangalia kilichoharibika, tunapima, tunaandika PV, ile karatasi ya yale tuliyoyaona. Kuamua fidia ni kazi ya chefu. Sisi ni kupima tu. Watu wengi wanaona ni kazi ndogo, ata shemeji yangu mumoja alikuwa ananiita fundi cherehani wa mashamba. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini na ninaionea fahari. Kuna watu wako hai leo kwa sababu tulipima vizuri, na wengine hawajui.

Siku yangu ya kwanza nilipanda Kibumba juu ya lori lililokuwa linaenda kuchukua makabichi. Nilivaa viatu vya kanisani na jupe niliyoipiga pasi mara mbili. Mimi ni mutoto wa upande wa Bukavu, sikujua kama kuna baridi ya namna ile hapa karibu na Goma. Wamama waliokuwa wanalima kando ya njia waliniangalia toka kichwa mupaka viatu, na mumoja akasema: "Ona, serikali imetutumia bibi arusi." Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kulia kungeharibu poda.

Aliyepewa kazi ya kunifundisha alikuwa Muzee Sylvestre, mutu wa milima ya Masisi, mufupi, mukali, mwenye bote alizozishona mwenyewe na waya. Kunisalimia hakukuchukua muda. Kulikuwa na shamba la maharagi lililoliwa usiku, mwenye shamba amesimama huku, mwenye ng'ombe amesimama kule, na katikati watu wengi waliokuja kuangalia kama watapigana. Muzee alitoa kwenye mufuko metre ndefu ya kitambaa, ile ya kuviringisha. Nikanyoosha mukono nimusaidie.

"Usishike," akaniambia.

"Nisishike, Papa?"

"Wewe ni wa kusoma namba na kuandika. Metre inashikwa na wenye maneno yao."

Akamuita mwenye shamba ashike mwanzo, pale kwenye ziro. Akamuita mwenye ng'ombe ashike mwisho. Watu wale hawakuwa wamesemeshana wiki nzima. Sasa walisimama kila mumoja upande wake wa shamba, kitambaa kimenyooka katikati yao, na nikasikia maneno ya kwanza waliyoambiana: "Vuta kidogo." "Nimevuta." "Inua basi, imenasa kwenye jiwe." Kufikia mustari wa kumi walikuwa wanabishana juu ya jiwe lile, na juu ya shamba walikuwa wameacha kubishana.

Njo kazi yenyewe hiyo. Mutashangaa ni watu wangapi wanaisoma shuleni miaka mitatu bila kuambiwa jambo hili.

Muzee alinifundisha mengine pia, na ninayaandika kwa sababu nimeona vijana wa sasa wanapiga picha na simu, wanaenda. Inama. Angalia mimea yenyewe. Ng'ombe anang'oa, anaacha mizizi juu. Mbuzi anachagua majani laini, anaacha shina. Mutu anakata na kisu, na anakanyaga katikati ya mistari kwa sababu ameshazoea kuheshimu mistari. Kulikuwa na mama mumoja aliyetuita kwa sababu ya makabichi yake, amelia mupaka sauti imekauka. Muzee aliinama, akaangalia mashina, akamuuliza kwa upole: "Mama, ng'ombe huyu alikuwa na kisu?" Mama akaficha sura kwenye kitenge. Kumbe alikuwa ameyauza yeye mwenyewe na alitaka jirani ambaye hakumupenda njo alipe. Hatukumuandika. Muzee alisema aibu ile ilimutosha, na PV ni karatasi ya gharama.

Siku moja tulikuwa Kibati tunangoja gari ya kushuka mujini, tunakunywa chai yenye tangawizi nyingi. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka kwa watu ambao hatukufika kwao kwa wakati, na nyumba mbili zilikuwa zimeungua. Nilikuwa nimekasirika. Nikamuuliza: "Muzee, kisasi hiki kilitoka wapi? Nani alikianza?"

"Wewe unasemaje?"

"Kwenye kanisa tunafundishwa Kaini na Abeli."

"Kaini hakulipiza kitu. Kaini alikuwa na wivu. Usimuweke kwenye dosie ya wengine."

"Basi kilitoka wapi?"

Alikunywa chai mupaka nikafikiri amesahau. Kisha akasema: "Mutu akiumizwa, anatafuta mutu wa kuja kuangalia. Asipokuja mutu, anapima mwenyewe. Na mutu akipima kidonda chake peke yake, ameshika metre pande zote mbili. Itavutika kila siku. Leo ni mistari kumi, kesho ni shamba lote, kesho kutwa ni watoto wa yule mutu na dini yao. Njo kisasi hicho. Si ubaya wa moyo. Ni kukosa mutu wa kushika upande wa pili."

Nikamuambia kwamba Biblia yenyewe inasema jicho kwa jicho.

"Na wewe ni monitere, isome kama monitere," akasema. "Jicho moja. Si mawili, si jicho na nyumba, si jicho la mutoto wake. Watu walikuwa wanalipiza bila mwisho, mutu mumoja akawaambia: ishieni hapa. Alikuwa anapima yule. Wewe unafikiri aliwaruhusu, kumbe alikuwa anawafunga."

Mwenye chai, aliyekuwa anasikiliza, akatia neno lake: dawa ya moto ni moto. Muzee alimuonyesha Nyiragongo, iliyokuwa inatoa moshi nyuma ya nyumba yake, akamuuliza siku ile uliposhuka moto wa mulima yeye aliuzima na kiberiti gani. Tulilipa chai tukaenda. Nimeyabeba maneno yale toka siku hiyo, na sijasoma kitabu kilichonielezea kisasi vizuri zaidi.

Muzee Sylvestre alipokufa, metre yake ilikuja kwangu. Nilikuwa nimeshakuwa mukubwa kwenye kazi. Watu wa Kibumba waliniita Mama Metre, na nikiteremka tu kwenye moto, ile pikipiki ya kukodi, walikuwa wanagawanyika wenyewe, huyu huku, huyu kule, bila kuambiwa. Nilijivuna. Ninawaambia ukweli, nilijivuna, na njo hapo nilipokosea.

Papa Anselme alikuwa mulimaji, mutu wa maneno machache. Alikuwa amerudi kutoka Kibati, ambako yeye na familia walikimbilia wakati wa vita na kuishi chini ya hema mwaka na zaidi. Viazi vile vilikuwa mavuno yake ya kwanza toka arudi. Jirani yake alikuwa Papa Gaspard, mufugaji. Vita ilimuachia ng'ombe tano, na kati ya hizo moja, Gaju, ilikuwa na mimba. Asubuhi moja mutu aliyekuwa anachunga alisinzia, na ng'ombe zote tano ziliingia kwenye viazi vya Anselme.

Nilifika na mvua. Papa Gaspard hakuwepo, alikuwa ameenda soko. Angerudi saa kumi. Mwenye moto alikuwa anapiga honi, na nilikuwa na kazi nyingine Kibati. Nikamuambia Papa Anselme ashike ziro. Upande wa pili nikamupa jirani aliyekuwa amesimama tu pale, na tukapima chapuchapu: mistari vingt-sept, ishirini na saba. Niliandika, nikatia sahihi, nikaenda. Nilijiambia kwamba namba ni namba tu, haijali nani ameshika.

Gaspard alirudi, chefu akamusomea karatasi. Akajibu: "Mimi sikushika. Hiyo ni karatasi ya Anselme na jirani yake." Akakataa kutoa chochote. Chefu alisema atanipigia simu nirudi, na simu yangu haikuwa na umeme. Siku tatu zikapita. Papa Anselme alikaa siku tatu akiangalia lile shamba, na karatasi yenye sahihi yangu ikiwa kwenye mufuko wake haina kazi. Siku ya ine aliamka, akachukua panga, akaenda mupaka mahali ng'ombe zinakunywa maji, akaikata Gaju mushipa wa muguu wa nyuma.

Simu ya chefu ilinipata kwenye masaa ya muchana. "Mama Agnès, kuja. Gaspard ananoa panga toka asubuhi, na yeye hana shamba."

Nilipanda moto palepale. Ng'ombe tu ilikuwa imekatwa, lakini wote tunajua inavyoenda: muguu wa ng'ombe, kisha muguu wa Anselme, kisha ndugu za Anselme wanaamka, kisha redio inasoma hesabu ya waliokufa bila kutaja viazi. Nilikuwa nahesabu watoto wa Anselme, sita. Nilikuwa nasema ndani ya roho: hawa wakibaki bila baba, ni sababu ya honi ya moto.

Nilikuta watu wamejaa mbele ya nyumba ya chefu. Gaspard amesimama na panga chini ya mukono. Anselme yuko ndani, chefu amemufungia kwa usalama. Shefu wangu wa Goma alikuwa anatufundisha siku zote kwamba serikali haikosei mbele ya watu. Nilisimama mbele ya watu nikasema: "Kosa la kwanza ni langu. Nilipima shamba mwenye ng'ombe hayupo. Papa Gaspard, ulikuwa na haki ya kukataa ile karatasi. Papa Anselme, nilikupa karatasi mufu. Nisameheni. Sasa twende tupime tena, wote wawili, na kisha tupime na kule kwingine."

Gaspard akaniangalia. "Kule kwingine wapi?"

"Kwa Gaju."

Watu walinong'ona. Kupima ng'ombe na metre ya shamba hakuna aliyewahi kuona. Gaspard akamupa chefu lile panga, akasema: "Ushike. Nitalichukua tukirudi."

Tulianza na shamba. Anselme alishika ziro, Gaspard alishika mwisho, hakuna aliyesema neno ata la kuvuta. Nilisoma mustari kwa mustari kwa sauti. Tulipomaliza ilikuwa vingt-sept. Ile ile, haikuongezeka ata mumoja. Gaspard alibaki ameshika ule mwisho, akaviangalia viazi vile vilivyong'olewa, akasema: "Mistari ni mingi." Siku ine nyuma namba hiyo hiyo ilikuwa uongo.

Kisha tukaenda kwa Gaju. Alikuwa amesimama kwenye zizi na miguu mitatu, wa nne ameuinua kidogo, kidonda kimefungwa na kitambaa cha muke wa Gaspard. Nikamuambia Papa Anselme: "Shika ziro." Ili kushika ziro ilibidi apige magoti kwenye mavi, sura yake karibu na muguu ule. Gaju hakumuogopa, alimunusa kichwa. Gaspard alifungua kitambaa, akashika upande wake.

"Onze," nilisoma. Sentimetre onze, kumi na moja.

Anselme akasema, bila kuinuka: "Nilifikiri ni kidogo."

Chefu alimuuliza Gaspard anataka nini. Alikuwa na haki ya kuomba ng'ombe nzima, na kila mutu alijua Anselme hana ata kuku. Gaspard aliufunga tena muguu wa Gaju. Halafu akasema: "Amekata muguu wake. Basi yeye awe muguu wake."

Chefu hakuelewa. Gaspard akaeleza: Gaju hawezi tena kufuata wengine kwenye majani, hawezi kuteremka kwenye maji. Basi Anselme atamuletea majani na maji kila asubuhi na kila jioni, yeye mwenyewe, si muke wake wala mutoto wake, mupaka azae. Na yeye Gaspard atarudisha mbegu ya mistari ile vingt-sept, na mbolea juu. Ndugu za Anselme walikasirika. Mumoja akasema mulimaji hawezi kulisha ng'ombe iliyokula shamba lake, ni kuchekwa na Kibumba nzima. Anselme alisema tu: "Nitaleta." Niliandika PV ya mambo mawili kwenye karatasi moja, viazi juu, ng'ombe chini, na wote wawili wakatia kidole.

Nisiwadanganye kwamba nililala vizuri. Watu walimucheka kweli Anselme, anapita kijijini na muzigo wa majani kichwani, jerikani mukononi. Wiki za kwanza Gaspard hakumusalimia. Alikuwa anakaa mulangoni, anamuangalia anavyomwaga maji, na panga lake alikuwa ameshalirudisha nyumbani. Nilitafuta sababu ya kupanda Kibumba kila wiki. Shefu aliniuliza kama nimepata bwana kule.

Wiki ya sita, asubuhi moja Anselme hakuonekana. Jua likapanda. Gaju akaanza kulia. Gaspard alichukua panga, na chefu, aliyemuona akipita, akanipigia simu, nami nikaruka juu ya moto na bote muguu mumoja tu. Nilipofika nilimukuta Gaspard katikati ya bonde, ameinama. Alikuwa anakata majani. Kumbe alifika kwa Anselme, akasukuma mulango, akamukuta amelala na malaria, macho mekundu, anajaribu kuinuka. Akasimama pale na panga lake. Kisha akamuuliza: "Majani unayatoaga wapi, yale ambayo anapenda?" Anselme akamuelekeza. Siku ine Gaspard alikata mwenyewe, na alilalamika kwangu kwamba bonde lile ni mbali, kwamba hakujua kama ni mbali hivi.

Gaju alizaa kwenye mwanzo wa mvua, ndama dume, mwekundu, mwenye kelele. Nilipanda kufunga dosie, ile faili ya mambo yao. Karatasi yetu ya kufunga ina mustari wa mwisho, munaujua: mulalamikaji ametosheka, ndiyo au hapana. Bila ndiyo, dosie haifungwi. Papa Gaspard alikuwa amekaa kwenye jiwe. Papa Anselme alikuwa kule kwenye zizi, kazi yake ilikuwa imeshaisha siku mbili nyuma, lakini alikuwa ameleta maji, na alikuwa anasikia kila kitu.

"Papa Gaspard," nikamuuliza, "umetosheka?"

Aliangalia Gaju, anayetembea sasa, kwa shida, upande mumoja umeshuka.

"Hapana," akasema. "Anachechemea. Atachechemea mupaka kufa. Sijatosheka, Mama, na usiandike kwamba nimetosheka. Nilikuwa nataka kumukata yule mutu. Sasa akichelewa asubuhi, mimi njo natoka kuangalia njia."

Nikaandika hapana, nikafunga dosie. Shefu aliirudisha mara mbili, mara zote mbili niliiandika juu kwa herufi kubwa: IMEFUNGWA, nikatia sahihi yangu.